Tulimwandikia mama "Tutakuenzi Daima", sasa anagawa vitenge vyake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dodoma. Kwetu tumezaliwa watano. Baba alishatangulia, mama anakaa Korogwe, na Agosti 2025 alitimiza miaka 70. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumfanyia sherehe yoyote, kwa hiyo tukakubaliana tuchange. Mmoja akashika chakula, mwingine maturubai na viti. Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko Nairobi mwaka wa 16 huu, akasema suala la fulana tumwachie yeye.

Fulana zilipofika zilikuwa nzuri kweli. Nyeupe, kifuani picha ya mama amevaa kilemba cha bluu, chini ya picha "1955–2025", na chini kabisa kwa herufi za dhahabu: "Tutakuenzi Daima Mama". Tukazivaa wote, watoto na wajukuu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Mama alipotoka chumbani tulikuwa tumejipanga uani, wajukuu mbele. Akasimama mlangoni akasoma. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na miaka mmeniandikia?" Nikadhani amefurahi. Alikata keki, akacheza na wamama wenzake wa kwaya, akatushukuru. Usiku nilipoingia kumtakia usingizi mwema nilimkuta amekaa kitandani, fulana yake ameikunja mara nne, ameiweka magotini. Akasema, "Mwanangu, maneno haya mimi nimezoea kuyasoma msibani."

Tangu siku ile mama amebadilika. Nilipokwenda Desemba nilikuta ameshagawa vitenge vyake. Dada yangu kapewa yale masufuria makubwa ya shughuli. Mimi aliniita chumbani akanionyesha bahasha yenye hati ya shamba na daftari lake la kikundi cha kuweka na kukopa. Shangazi, mama haumwi. Anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi.

Kaka alipoambiwa alikuja juu. Anasema kuenzi maana yake ni kuheshimu na kuthamini, tufungue kamusi, na kwamba huko aliko watu wanaenziwa wakiwa hai kila siku. Dada anayenifuata ameandika ujumbe kwenye kundi la familia ili tumpelekee mama: "Mama yetu mpendwa, tunakudhamini sana." Mdogo wetu wa mwisho anataka tuchape fulana nyingine. Mimi natamani yaishe tu, lakini mama ameliweka moyoni, na mimi pia.

Je, kweli tulikosea? Na kama tulikosea, ni neno gani la kumwambia mama kwamba ni wa thamani kwetu sasa hivi, akiwa anapumua? Kwetu hatukuzoea kuambiana "nakupenda". Nikijaribu, ulimi unakuwa mzito.

Binti wa Korogwe, Dodoma

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika pale mama aliposimama mlangoni nashindwa kuendelea. Mwanamke amekaa miaka 70 bila kufanyiwa shughuli. Siku anayofanyiwa anafungua mlango na kukuta watoto wake wote wamevaa sura yake kifuani, miaka miwili imeunganishwa kwa kistari, na ahadi ya kumuenzi daima. Halafu akaenda kucheza ili asiwaharibie siku. Kabla hatujafika kwenye maneno, mjue hapo mama yenu aliwapa zawadi kubwa kuliko keki.

Sasa tuanze na hiyo miaka, maana nyote mnagombana juu ya neno na hakuna anayeitaja. "1955–2025" huandikwa msalabani na kwenye wasifu wa marehemu. Mlikusudia miaka 70 ya uhai. Kistari kile kikasema amefunga hesabu. Hata kama chini yake mngeandika "Hongera Mama", bado angeuliza alichouliza. Na ndilo jambo la kwanza alilouliza.

Kuhusu kuenzi, kaka yako ana hoja, na nataka umwambie hivyo, itampunguzia hasira. Neno hili asili yake ni utukufu. Enzi, au ezi kwa matamshi ya zamani, ni nguvu na heshima kuu: ndiyo maana tunasema kiti cha enzi, na ndiyo maana Mungu ni Mwenyezi, mwenye ezi. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa pia azizi na laazizi, yaani kipenzi, na jina la Aziza. Kwa hiyo kumuenzi mtu, kwa asili, ni kumketisha mahali pa heshima, na kifo hakimo humo hata kidogo. Na ni kweli kwamba Kenya neno hili hutumika kwa walio hai bila wasiwasi; ukisikiliza redio zao utasikia mwanamuziki anayeenziwa na mashabiki, au mlo unaoenziwa na watu wa sehemu fulani. Kaka yako ameishi na sikio hilo miaka 16.

Mama yenu ana sikio la huku. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mama yenu alikuwa na miaka 44. Tangu hapo, kila Oktoba inapofika, redioni na majukwaani ni "tumuenzi Baba wa Taifa". Kila tarehe 7 Aprili anaenziwa Mzee Karume, aliyeuawa mwaka 1972. Tunaenzi waasisi, tunaenzi mashujaa, tunaenzi mila za mababu. Na makaburini, mtu wa mwisho kusoma salamu za rambirambi humalizia kwa "tutakuenzi daima". Kanga iliyokaa sandukuni na karafuu, hata uifue, ukijitanda utanuka karafuu. Neno hili kwetu limekaa na marehemu miaka mingi. Kamusi itakupa maana, harufu hiyo haimo kamusini. Mkiongeza na "daima" na ile "-ta-" ya wakati ujao, mama alisikia mambo mtakayoyafanya yeye akiwa hayupo. Mngeandika "Tunakuenzi Mama" angalau angejikuta ndani ya sentensi akiwa hai.

Nampa kaka yako haki yake yote ya lugha. Lakini asimpelekee mama kamusi. Ampigie simu, na akipata nafasi aje, aseme: "Mama, nisamehe, nilikuandikia neno lililokuumiza." Asiweke "lakini" baada ya hapo. Ni kijana wake wa kwanza. Mama hatamdai zaidi ya hayo.

Ujumbe wa dada yako usiende kabla haujarekebishwa. Kudhamini ni kusimamia dhamana: kumtoa mtu polisi, kutia saini kwamba asipolipa utalipa wewe, au kampuni kugharamia mashindano. Mama yenu ana daftari la kikundi, mdhamini anamjua vizuri kuliko sisi sote. Atajiuliza amekopa wapi. Alilokusudia ni kuthamini, lenye th, kutoka thamani. Kosa hili nakutana nalo kila wiki kwenye kadi za harusi, na linanisikitisha kwa sababu aliyeliandika huwa ametoa moyo wake wote.

Hata hivyo, na "tunakuthamini" yenyewe sina haraka nayo. Ni neno zuri, mke akiambiwa na mume baada ya mwaka mgumu, linaponya. Ila lina upande wa ofisini. Thamani ni bei. Barabara ikipita kijijini anakuja mthamini na karatasi zake, anahesabu miembe na minazi ili watu walipwe fidia. Na kwenye simu zetu kila kampuni humwambia "ndugu mteja" kwamba inamthamini, hasa siku mtandao unaposumbua. Mzee anayesoma ujumbe huo kwenye simu ileile anaweza kuupita bila kusimama.

"Mpendwa" nalo linategemea mlango unaoingilia. Kanisani waumini huitana wapendwa, na mama wa kwaya amelizoea. Lakini "mama yetu mpendwa" yakiandikwa chini ya picha, ni tangazo la msiba. "Kipenzi" linapumua zaidi, lina kudekeza ndani yake. Mtu huwa kipenzi cha baba, kipenzi cha mtaa. Na kuna neno ambalo vijana wameliacha kwa viongozi wanaohubiri "tunu za taifa": tunu. Kwetu pwani tunu ni kitu adimu, zawadi ya kuchagua, kile anachokuletea msafiri kikawa hakipatikani hapa. Wasichana waliitwa Tunu kwa sababu wazazi walingoja. "Mama, wewe ni tunu yetu" ni maneno ya mtu aliye hai, mama aliyekulia mkoa wa Tanga atayaelewa.

Kuna neno jingine nataka mliangalie, hasa nyinyi watoto wa kike mnaomtumia hela ya dawa na chakula. Kutunza. Tuna methali, mcheza kwao hutunzwa, na anayejua ngoma na taarabu anajua hiyo ni hela kabisa: mtu anainuka kitini, anakwenda mbele, anamwekea mwimbaji noti mkononi au kwenye kilemba, watu wote wanaona. Kutunzwa namna hiyo ni kupandishwa. Lakini kutunzwa kwa mgonjwa, kwa mtoto, kwa shamba lililoachwa, ni kuwa mikononi mwa mwingine. Mama wa miaka 70 anayekwenda sokoni kwa miguu mkimwambia "usijali, tutakutunza", mnaweza kudhani mmembariki kumbe mmemkalisha kitandani. Mtunzeni kwa maana ya ngoma, mbele za watu, kwa jambo alilofanya yeye.

Umesema mama ameliweka moyoni. Nimelitazama sana neno hilo. Tukisema mtu kaweka jambo moyoni, kwa kawaida tunamaanisha kinyongo au siri nzito. Lakini kama mama ni mtu wa kanisani anajua kwamba Injili ya Luka, sura ya pili, inamtaja Mariamu akiyaweka moyoni maneno ya wale wachungaji waliokuja kumwona mtoto. Pale kuweka moyoni ni kukihifadhi kitu kizuri na kukitafakari. Mlango ni uleule, kilichomo ndani ndicho kinachobadilika. Kwa hiyo sikushauri umwambie mama "usiliweke moyoni". Moyo wake utaweka tu. Mpelekee kitu kingine cha kuweka.

Na hapa nakuja kwenye swali lako, lile la ulimi mzito.

Nililelewa na bibi yangu Pangani. Katika miaka yote niliyolala nyumbani kwake sikumsikia hata siku moja akisema "nakupenda". Angeona haya, na mimi ningeona haya zaidi. Nilikuwa nikirudi shule saa tisa, njaa imenishika, nyumba imeshakula, watoto wa jirani wamepita. Kwenye mkeka jikoni palikuwa na sahani moja imefunikwa kawa, lile kawa jekundu la ukindu alilolisuka mwenyewe, ukingo wake umeanza kufumuka. Nilipolifunua nilikuta kichwa cha samaki, changu, kwenye tui, kimeelekezwa upande wa mkono wangu wa kulia, na wali kidogo. Bibi hakugeuka hata, alikuwa anapepeta mchele. Alisema neno moja tu: "Nimekuwekea."

Mwanangu, nimeandika safu hii miaka mingi, nimeulizwa habari za huba, mahaba, ashiki, na sijapata neno la Kiswahili linalobeba zaidi ya hilo. Litazame. Kuweka ni kuweka tu, mtu anaweka ndoo. Ukiongeza kile kisilabi kidogo, wekea, tayari kuna mtu. Na ile "-ku-" inamtaja: wewe. Maana yake nilipokuwa sijakuona nilikuwa nakufikiria. Wengine walikuja nikawanyima kidogo kwa ajili yako. Nilikuwa na hakika utarudi. Lugha yetu imejaa maneno ya namna hii: nimekupikia, nimekungojea, nimekuombea, nimekuchagulia. Watu husema Waswahili wa zamani hawakuwa na maneno ya upendo nyumbani. Walikuwa nayo, walikuwa wanayapakua.

Hata Mwana Kupona, yule mama wa Pate aliyemtungia binti yake utendi mnamo 1858 akiwa mgonjwa, mgonjwa wa kweli siyo kama mama yenu, hakuanza kwa kumwambia binti ni kiasi gani anampenda. Alianza na "Negema wangu binti". Sogea karibu, mwanangu. Baadaye anamwahidi kidani cha lulu na marijani, na kidani chenyewe ni maneno yake. Lakini la kwanza ni kumsogeza. Mama yenu naye alikuita chumbani. Alikusogeza. Na hili nakuomba ulifikirie vizuri: huenda siyo yote ni kosa la fulana. Mama wa miaka 70 ana haki ya kusema hati ya shamba iko wapi. Pengine alikuwa anatafuta siku ya kulisema, fulana ikamfungulia. Usimkatishe kwa "mama acha mambo hayo, utaishi sana". Akitaja bahasha, kaa chini, sikiliza, uliza mipaka ya shamba inapita wapi, uandike. Akimaliza hilo atakuwa amepumzika, na mtaweza kuongea habari za kisamvu.

Vitenge alivyowapa msimrudishie, kurudisha ni kumtukana. Shoneni, mvae mbele yake, akiwa na macho ya kuona vilivyowakaa. Masufuria ya shughuli dada yako ayapokee, kisha aende nayo Korogwe siku ya kupika na amwombe mama asimamie moto. Fulana mpya msichape. Zile za mwanzo msizichome wala msizifiche kama kitu cha aibu. Siku ikifika ya kuzungumza, kaka yako na aitoe mwenyewe ile ya mama, azungumzie picha. Maana picha ni nzuri, umesema mwenyewe, na kile kilemba cha bluu kina hadithi yake. Muulizeni alikinunua wapi.

Kama kuna jina alilokuitia utotoni kwa lugha ya kwenu, lile asilokuita tena kwa kuwa sasa wewe ni mama wa watu, muulize kwa nini alilichagua. Hapo utasikia kwa masikio yako jinsi alivyokuwa anasema alichokuwa haambii mtu.

Na safari yako wewe ifanye mapema, usingoje Desemba nyingine. Siku nne kabla, mpigie simu, usimuulize afya, ameulizwa afya vya kutosha tangu Agosti. Mwambie, "Mama, nakuja Jumamosi, niwekee kisamvu." Mwache ahangaike kidogo na nazi. Sasa uko Dodoma, na msimu huu zabibu zipo. Nunua kichala kimoja kizuri, kile ambacho wanao wangekimaliza jioni moja, uwaambie hiki hakiguswi. Kifunike. Ukifika kwake usitoe hotuba na usitafute neno kubwa. Mpe mkononi, useme, "Mama, hizi nimekuwekea tangu Jumatano."

Shangazi